Meli Yako Imetuharibia Metroni

Ndugu Nahodha,

YAH: DADA YANGU KUPUMZIKA KUPITA KIASI AKIWA CHINI YA UANGALIZI WAKO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, bahari imetulia na abiria wako wanatapika kwa kiasi. Sisi hatujambo, isipokuwa familia yetu imekwisha, na aliyeimaliza ni wewe.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule muuza vitabu mwenye miwani aliyekufuata mpaka mlangoni kukueleza kwamba hotuba yako ya usalama ina sentensi mbili zinazopingana. Ulinijibu, "Asante mzee, tutalifanyia kazi," ukafunga mlango. Nimezoea. Wahariri wa magazeti nao hunijibu hivyohivyo. Lakini safari hii sikubali kufungiwa mlango, kwa sababu jambo lenyewe ni zito kuliko sarufi yako.

Dada yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Metroni, alistaafu kazi yake ya umetroni hospitalini. Sisi ndugu zake tukakaa kikao, tukaona kwamba mwanamke aliyesimamia wodi maisha yake yote, na ambaye akitoka wodini alikuja kutusimamia sisi, anastahili zawadi ya mapumziko. Tukamchagulia meli yako. Kisha ikajitokeza hoja, na aliyeitoa ni mimi: akiondoka yeye, sisi tutabaki na nani? Ikapitishwa bila kupingwa kwamba twende naye wote. Tukafungasha mizigo: mimi na mke wangu na watoto wetu, mdogo wetu fundi redio na mkewe na watoto wao, na Shangazi, ambaye haoni vizuri na hataki mtu mwingine amtie matone ya macho isipokuwa Metroni. Hiyo ndiyo zawadi tuliyompa, tena kwa moyo mkunjufu.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama inavyotakiwa. Hatujamaliza hata kushangaa ukubwa wa meli, Metroni akatukusanya kwenye korido akatugawia zamu. Kila kitu kilikuwa kimeshalipiwa, kwa hiyo kila kitu lazima kitumike. Mke wangu alipewa zamu ya kuwahi viti vya kulalia kando ya bwawa, avitandikie taulo kabla wageni wengine hawajaamka. Fundi alipangiwa chumba cha mvuke, ingawa joto humtoa damu puani. Watoto walipangiwa bwawa, wakitoka bwawani wapande ule ukuta wa kukwea, wakishuka ukutani warudi bwawani. Shangazi alipangiwa sinema, asikilize. Mimi nilipangiwa mhadhara wa historia ya minara ya taa, nikambana mhadhiri mpaka akaomba maji. Fundi alipothubutu kusinzia kidogo, Metroni alimsimamia kichwani: "Unalala? Umekuja huku kulala? Kwako huna kitanda?"

Ilikuwa raha isiyo kifani. Kila mtu alikuwa hoi, na kila mtu alijua anakotakiwa kuwa. Ndipo ninyi mkaingilia kati. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitanda. Metroni, Ndugu Nahodha, hukagua vitanda. Alikagua cha kwangu nikiwa mtoto, na alikikagua cha harusi yangu pia, akakitandua. Ndani ya meli alikuwa akirudi chumbani kila asubuhi kutandika upya baada ya mhudumu wenu, kwa sababu kwake shuka iliyotandikwa na mtu mwingine ni sawa na kidonda kilichofungwa na fundi baiskeli. Asubuhi moja aliinua godoro, akasita. Kona ilikuwa imekunjwa kihospitali, imebana, imelala kimya. Akazunguka upande wa pili. Akapiga magoti. Mimi nilikuwa mlangoni nasubiri kuambiwa zamu yangu inayofuata, kwa hiyo niliona yote kwa macho yangu. Hakupata kosa. Akaketi juu ya kitanda hicho, mchana kweupe, na viatu miguuni, akanitazama kama mtu aliyepokea habari kutoka mbali. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe kuna mwingine anayeweza." Kisha akajinyoosha akalala, nami nikabaki mlangoni sina zamu.

Nadai mhudumu yule aelekezwe kuacha kona moja wazi. Moja tu. Kwa mtu kama dada yangu, hiyo ingetosha kuokoa ukoo.

2. Tembo. Mhudumu huyohuyo hakuridhika. Jioni ile alikunja taulo likawa tembo, akamweka kitandani na kumvisha miwani ya dada yangu. Metroni alicheka. Tuliokuwa koridoni tulidhani amepaliwa, mke wangu akakimbilia maji. Halafu akampa tembo yule cheo cha Mganga Mkuu, akidai kwamba katika Waganga Wakuu wote aliofanya nao kazi, huyu ndiye wa kwanza kunyamaza akielezwa jambo. Fundi alipofika anavuja damu puani kutoka kwenye mvuke, analia, "Dada, haikomi," dada yake hakuinuka. Alimnyooshea kidole tembo: "Daktari yupo, muone." Fundi alijiziba pua kwa mkonga. Ninakuuliza, Nahodha: hivyo ndivyo mnavyohudumia wagonjwa?

3. Viti. Viti vyenu vya sitahani hulala nyuma kupita pale ambapo mtu mwenye majukumu anapaswa kulala. Nimevikagua. Vina vituo vitatu vya kulaza mgongo, na kile cha tatu hakina sababu yoyote ya kuwepo duniani. Ni katika kituo hicho cha tatu ambapo mke wangu, akiwa na mzigo wa taulo kifuani, alimkuta Metroni amejilaza, akamuuliza kwa adabu, "Wifi, leo nani anawahi viti?"

"Anayetaka kukaa," akajibiwa.

Nimesoma vitabu vingi juu ya kuanguka kwa dola. Sijasoma popote dola iliyoangushwa kwa maneno mawili na mtu aliyefumba macho. Tangu saa hiyo zamu zikafa. Watoto walikaa bwawani mpaka vidole vikakunjamana. Fundi alilala kwa ari. Mke wangu alianza kutembea sitahani peke yake, bila shughuli, na akirudi anatabasamu, na nikimuuliza kuna nini anasema hakuna kitu. Mimi nilirudi kwa mhadhiri wa minara ya taa, nikakuta amebandika tangazo kwamba anaumwa.

4. Zoezi la dharura. Hili naliandika kwa uchungu. Honi yenu ilipolia katikati ya safari, kila familia ilichukua majaketi ya kuokolea maisha ikaenda kwenye kituo chake cha kukusanyikia, kama tulivyoelekezwa. Familia yetu ilikwenda kwa Metroni. Hatukupanga. Kila mmoja alitokea upande wake, na wote tukakutana mbele ya kile kiti, tumevaa majaketi, kamba zinaning'inia, tunasubiri kufungwa. Watoto walikuwepo, sawa, lakini Fundi ana masharubu, na mimi nina wajukuu wa kuja leo au kesho. Metroni alifungua jicho moja. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayehesabu vitanda vya wodi.

"Kamba ziko mbele," akasema. "Fungeni."

Akainuka, akamfungia Shangazi ya kwake, akamshika mkono wakaenda zao kituoni. Sisi tulifuata nyuma tunakanyaga kamba zetu. Ofisa wako, mbele ya meli nzima, alituandika kwamba tumezama. Nadai maelezo. Ni kwa mamlaka gani kampuni ya utalii inaandaa zoezi la kuwaonyesha watu wazima, hadharani, kwamba hawajui kufunga fundo?

5. Kikao cha ukoo. Ili uelewe ukubwa wa hasara hii, lazima ujue kwamba katika ukoo wetu Metroni ndiye serikali na mimi ndiye upinzani. Hakuna kikao ambacho yeye hakutoa pendekezo, mimi sikulichanachana, na yeye hakunishinda. Ndivyo tulivyoishi tangu wazazi wetu wafariki na kutuacha mikononi mwake. Hoja yangu kuu imekuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya baba. Yeye anataka kiwe cha wageni, mimi nataka kiwe maktaba. Nimeitoa hoja hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Tuliporudi kutoka kwako, nilisimama kikaoni nikaitoa upya, nikapiga meza, nikataja wanafalsafa.

Metroni akasema, "Sawa, mdogo wangu. Una haki."

Mimi niliendelea kubisha, kwa mazoea. Nilibisha mpaka nikajisikia natetea chumba cha wageni. "Nimeshakubali, bwana, kaa chini," akasema, bila hata hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akafungua mkoba wake akatoa funguo: za geti, za stoo, za kabati la dawa. Akaziweka mbele yangu. "Mwenye hoja zote ashike na hizi." Akatuaga, akaenda kulala.

6. Tangu siku hiyo mambo yote yamekwenda mrama. Simu zote zinakuja kwangu. Tangi la maji limevuja, naulizwa mimi. Wachumba wa ukooni wamegombana, naitwa mimi nikasuluhishe, na nikiwasuluhisha wanaungana kunichukia. Shangazi anasema mkono wangu ni wa kupaka chokaa, si wa kutia matone. Juzi Fundi alinipigia kuuliza kama homa ya mwanawe ni ile ya kusubiri au ile ya kukimbiza. Nilifungua kitabu. Nilikuwa bado natafuta ukurasa wakati mke wangu ameshambeba mtoto kwenda zahanati, na mtoto ameshapona kabla sijafika kwenye sababu za homa. Wateja wangu wanakuta duka limefungwa na karatasi mlangoni: Nimekwenda kwa Shangazi.

Na baya zaidi, hakuna anayenipinga. Nikisema jambo wanajibu, "Sawa kaka," wanaondoka. Sasa nitajuaje kama nimekosea? Metroni alikuwa na mimi. Mimi nina nani? Nikimwendea, namkuta barazani juu ya kiti alichomwelekeza seremala akitengeneze mfano wa vile vya kwenu, mpaka kituo cha tatu. Nikimuuliza neno, ananijibu amefumba macho: "Kamuulize mwenye funguo."

Kwa hiyo basi, Ndugu Nahodha, nataka mambo yafuatayo, nawe huna pa kukwepea. Najua kwamba ndani ya meli neno la nahodha halina rufaa. Metroni naye analijua hilo. Umemheshimu, amekuheshimu, alisema una mabega ya mtu anayelala vizuri. Kwanza, mwandikie amri, yenye mhuri, ya kumrejesha kazini mara moja. Amri hiyo ifute mapumziko yote aliyoyapata kwako, kuanzia ile kona ya shuka, kwa sababu yalitolewa bila ridhaa ya wategemezi wake.

Pili, meli zote za kitalii ziweke bango mlangoni: Mwanamke anayetegemewa asipande bila barua kutoka kwa wanaomtegemea. Nimeanza kuandika rasimu ya sheria yenyewe. Kifungu cha kwanza kinakataza mtu yeyote kumtandikia kitanda dada mkubwa. Kifungu cha pili kinakataza kumuuliza kama amechoka, maana huko ndiko maafa yote huanzia. Akishaulizwa, atafikiri. Akishafikiri, atajua jibu. Na akishalijua, sisi wengine tutafanya nini na mikono yetu? Usiponijibu, rasimu hiyo nitaipeleka kwenye kila gazeti, na yale yatakayokataa kuichapa nitayaandikia barua mpaka yafunge.

Nisalimie wapishi, hasa yule aliyempa dada yangu keki kabla ya chakula cha mchana. Wasalimie mafundi wa injini, ambao kwa maoni yangu ndio peke yao humo waliokuwa wakifanya kazi kwa hofu ya Mungu. Mhadhiri wa minara ya taa mwambie nimesikia amepona, na bado nasubiri jibu. Hata mhudumu wa vyumba msalimie, ila kwa ubaridi. Nao wote wa huku wanakusalimu: Shangazi, Fundi, watoto, na mke wangu, ambaye bado anatabasamu.

Ni mimi, mpinzani nisiye na serikali,

Mwenye funguo (kwa sasa).

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpelekea Metroni barua hii aisome, kwa kuwa hakuna ninachotuma bila yeye kukipitia. Aliisoma barazani amelala. Alisema ya nne nimeiandika vizuri, na ya tano nimetia chumvi. Kisha akanirudishia karatasi, akaniuliza, "Na wewe je, mdogo wangu, hujachoka?" Nilitaka kumkumbusha kifungu cha pili. Nikaona seremala ameshaleta kiti cha pili. Nikakikalia ili nimwonyeshe kasoro zake, nikaamka jua limezama, kiti kiko kituo cha tatu, na mtu amenifunika shuka. Kona zilikuwa zimekunjwa.

Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko yote hapo juu. Tunaomba vyumba viwili vinavyopakana, kwa dada na mdogo wake. Mhudumu asiache kona wazi hata moja, na kama taulo zitatosha nami nitengenezewe tembo. Shangazi usimhofie. Tangu auonje mkono wangu anajitia matone mwenyewe, na hakosi jicho. Funguo nimeziacha mezani kwa Fundi alipokuwa amejiinamia kwenye redio.

Ukipata barua ya mdogo mtu akilalamika kwamba meli yako imemharibia kaka yake, usimjibu. Atajifunza kufunga kamba.