Kongosho Bichi la Jemedari

Jumapili, tarehe 8 Juni

Laazizi wangu ameondoka! Kazi ya kupima barabara, mpaka Jumamosi. Nimeishika kola ya shati lake hadi dereva akapiga honi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mto wake bado unanukia yeye. Nimeukumbatia. Nimelia. Nimejisikia vizuri.

Ameniachia amana: Jemedari, mbwa wake wa tangu ukapera. Jina kubwa, mwili mbavu tupu. Kongosho lake limegoma kutoa vimeng'enya, vile vya kusaga chakula tumboni, kwa hiyo anakula kama kikosi kizima na kukonda kama uzi. Kila mlo wake lazima uchanganywe na unga wa dawa kutoka kwenye kopo. Laazizi amenishika mabega akasema, mke wangu, usiusahau hata mara moja, huyu alinivumilia kabla yako. Nimeapa. (Alivyo mzuri akiwa na wasiwasi!)

Wifi, dada yake anayeishi nyumba ya uani, akadakia kwamba nikishindwa nimwite, yeye ndiye aliyemlea Jemedari. Nishindwe? Mimi niliyefaulu baiolojia?

Nimeshapata mpango. Laazizi akirudi atamkuta Jemedari amenona! Nimesoma kwenye simu: chakula kibichi. Mbwa mwitu wanapika? Hawapiki. Wana kopo? Hawana. Wamekonda? Sijawaona, lakini sidhani.

Jumatatu, tarehe 9

Kopo nimelificha chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Jemedari kapewa nyama mbichi. Kailamba hadi sahani ikasafiri mpaka mlangoni. Kanilamba mkono. Tunapendana!

Laazizi kapiga simu. Kauliza, unga upo? Nimesema upo. Na upo! Nyuma ya sabuni. Sijasema uongo.

Jioni, maafa. Uani kote laini, kunang'aa mafuta, harufu ya kuangusha ndege. Nimepamwagia manukato yangu ya harusi. Sasa pananuka harusi na maafa.

Jumanne, tarehe 10

Jemedari kala nyama mbichi, akala chokaa ya ukuta, akala kisigino cha kiatu changu cha harusi. Bado ana njaa. Tumbo lake linanguruma kama mashine ya kusaga. Mbavu zimeongezeka, au naziona vibaya? Akifa huyu, nitamwambia nini mume wangu?

Wifi kachungulia. Kauliza mbona mbwa anatembea kama ametoka kuzika. Nimesema joto. Kasema, joto la Juni hii? Kaomba sabuni. Kajichukulia mwenyewe chini ya sinki, maana mimi nilikuwa nimemkumbatia Jemedari ili mbavu zisionekane. Kakawia kutoka. Mmbea, anakagua masufuria yangu!

Jumatano, tarehe 11

Asubuhi Jemedari kalala mlangoni, hainui hata sikio. Roho yangu mkononi. Nimempigia daktari wa mifugo. Nimesema ni mbwa wa rafiki yangu. Kasema, mwambie huyo rafiki yako nyama mbichi haina vimeng'enya hivyo. Mbwa anakufa njaa tumbo likiwa limejaa. Arudishe unga leo hii. Akiwa mbishi sana, basi atafute kongosho la ng'ombe, bichi, alisage, alichanganye kwenye kila mlo. Asilipike, moto unaua vimeng'enya. Kisha kasema, msalimie mumeo. Mjanja yule!

Kurudi kwenye kopo ni kumpa wifi ushindi. Nikaenda buchani. Muuza nyama kacheka hadi akaweka kisu chini. Kawatangazia wateja wote kwamba wenzangu huomba steki, bibi harusi anaomba kongosho, je, bwana harusi amekosa nini? Nimetoka jasho. Lakini nimelipata.

Nyumbani nikalifungua. Rangi ya waridi lililonyauka, linateleza. Likanitazama. Nikashindwa. Mama alinifunza kwamba chombo chako ndicho heshima yako. Nimtengee mgonjwa kitu kinachoteleza? Nikalichemsha. Kidogo tu, hadi likabadilika rangi. Huko si kupika. Ni kuliogesha.

Alhamisi, tarehe 12

Anatembea! Kabweka! Nimekuta wifi yuko naye mapema, ana bakuli limefunikwa, anampangusa mdomo. Eti makombo ya uji. Ajitie tu, mponyaji ni mimi.

Na uani... rundo gumu! Rangi ya udongo mzuri! Nimeruka kwa furaha. Nimelipiga picha, nikamtumia laazizi na mioyo mitatu. Kajibu akiuliza kama nimekosea namba. Nimecheka, kisha nikaogopa. Na kama kesho litalainika?

Jumamosi, tarehe 14

Karudi! Mwanga wa macho yangu, vumbi hadi kwenye kope! Jemedari karuka akamfikia kabla yangu. Laazizi kampapasa mbavu, akanibusu paji la uso mbele ya wifi. Kasema hajui amenipata wapi mimi.

Kisha akalitafuta kopo. Chini ya sinki, hakuna. Juu ya kabati, hakuna. Wifi akalileta kutoka chumbani kwake, limebaki vumbi. Kasema tangu Jumanne amempa unga asubuhi na jioni, maana alimwona mtoto wake Jemedari anakufa. Kanigeukia: mficha uchi hazai, wifi yangu.

Laazizi hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Kauliza kwa upole, mbona uliniambia unga upo? Nikalia hadi kwikwi, nikasema nilitaka tu umkute amenona. Kakaa chini. Kaniangalia mimi, kaangalia kiatu kisicho kisigino. Mabega yakaanza kumtikisika. Kacheka! Kasema angempoteza Jemedari, na tusifichane tena dawa ya mtu yeyote. Nimeapa kwa machozi.

Jumapili, tarehe 15

Nimefikiri kwa utulivu. Wifi aringe atakavyo, unga ule Jemedari alikuwa akiula miaka yote bila kunona. Kilichobadilika wiki hii ni nini? Kongosho langu. Na mapenzi. Baiolojia haidanganyi.

Leo nimempikia laazizi chakula cha kumpokea. Kamaliza sahani, shujaa wangu, kisha akageuka kando akameza kidonge cha tumbo. Kasema anavitumia tangu tuoane. Tangu tuoane! Maskini, anaumia kimya kimya, na mimi nipo!

Kesho tunaanza kabichi mbichi, karoti mbichi, na kitunguu.

Kichupa cha vidonge kipo. Nyuma ya sabuni.