Mbuzi Wawili Juu ya Ubao wa Upepo

Jumatatu, 3 Februari 2025. Mtua.

Nimekuwa babu. Binti yangu Safina kajifungua alfajiri kule Matambarale alikoolewa. Mtoto wa kiume, mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Tunu yuko huko wiki ya pili sasa, ndiye aliyenipigia simu. Nikamwambia palepale kwamba akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto, naibeba mimi. Mtoto wa kiume mbuzi wawili, siku ya saba, yaani Jumapili. Mbuzi ninao. Madume, wanono, mmoja mweusi mmoja wa kahawia. Na babu atakayeleta mbuzi ndiye atakayetoa jina, hata asiposema mtu. Awadhi mdogo, jina langu mimi. Nimelitamka mara tatu uani peke yangu. Linapendeza.

Tunu akasema Mzee Mohamedi naye kauliza habari za mbuzi. Mohamedi! Huyo ni baba wa mkwe wangu, babu wa upande wa pili, anaishi hukohuko Matambarale. Mtu wa kutabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu kabla ya kunywa chai.

Jumanne, 4 Februari.

Balaa. Mto ulio kati yetu na Matambarale umejaa. Pale tunapovukia kwa miguu hapaonekani hata jiwe. Njia ya kuzungukia Ruangwa mjini ni tope tupu. Nimeuliza bodaboda watatu, wote wamekataa, mmoja kacheka. Kilichobaki ni mtumbwi. Mtumbwi uko mmoja tu. Wa nani? Wa Mohamedi.

Mchana akapiga simu mwenyewe. Akaniita mkwe mwenzangu, akanipa hongera, akasema Jumapili asubuhi atakuja ng'ambo yangu kunichukua mimi na mbuzi, nisihangaike. Nikamjibu asante, nitajitegemea. Mbinu hiyo naijua. Mbuzi wakishuka kwenye mtumbwi wake, Matambarale nzima itasema mbuzi wa Mohamedi, na mjukuu wangu ataitwa Mohamedi maisha yake yote. Sikubali.

Jumatano, 5 Februari.

Leo nilikwenda Nachingwea mjini. Nilifuata dawa ya kupe, nimerudi na mkombozi.

Serafina, mwenye gesti nyuma ya soko, ana mzigo ulioachwa na mgeni mmoja wa mambo ya utafiti wa madini. Aliondoka mwaka juzi, hajarudi. Ni ubao, lakini wa mpira. Unajazwa upepo, unakuwa mgumu, mtu anasimama juu yake majini na kupiga kasia refu. Begi lake lina picha: mwanamke wa Kizungu kasimama katikati ya ziwa, mbele yake kakaa mbwa. Nikamtazama yule mbwa kwa muda mrefu. Ukubwa wake ni wa mbuzi kabisa.

Serafina anataka kuuza, ila kila mnunuzi anauliza kama kitu kinafanya kazi, na yeye maji anayaogopa. Nikamwambia ampate mtaalamu akifanyie tathmini. Akauliza mtaalamu yuko wapi. Nikamwambia anaongea naye. Nitaandika kila kipengele na alama zake kati ya kumi. Akafurahi, akasema niurudishe Jumatatu ukiwa mzima. Habari za mbuzi sikumwambia. Hakuuliza.

Alhamisi, 6 Februari.

Ndani ya begi: ubao, kasia la vipande vitatu, na kidude cha plastiki kama pezi la samaki. Pampu hakuna. Nimempigia Serafina, anasema labda mgeni aliondoka nayo. Mtu anabebaje pampu akaacha ubao? Wasomi hawa!

Nimepuliza kwa mdomo nusu saa nzima mpaka kichwa kikazunguka. Ubao ulikuwa na uvimbe mdogo upande mmoja, basi. Ndipo nikakumbuka mashine ya kupulizia mikorosho. Upepo wake unafika kileleni mwa mkorosho, utashindwa na godoro? Siyo godoro, ubao. Majirani ndio wanaoita godoro, na wawili nimeshakosana nao. Nikafunga bomba la mashine kwenye tundu la ubao kwa raba ya tyubu, nikavuta kamba, mashine ikaunguruma, ubao ukafura. Dakika mbili tu. Nikajipongeza.

Halafu nikasikia harufu ya salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho. Tangi sikuliosha tangu Agosti. Salfa yote iliyobaki imeingia ndani ya ubao, na sijui naitoaje. Si neno. Uzito kidogo kwa ndani utauletea utulivu.

Ulikuwa bado laini, nikamalizia kwa pampu ya baiskeli. Mkono wa kulia hauinuki sasa. Naandika kwa wa kushoto.

Ijumaa, 7 Februari.

Baada ya swala nikapeleka ubao kwenye lambo la ng'ombe kwa majaribio. Nilitaka kuwa peke yangu. Msikiti mzima ulinifuata, watu na kanzu zao.

Matokeo ni haya. Kuelea: unaelea. Tisa. Kusimama: nimesimama mara sita, ukijumlisha zote inafika nusu dakika. Kosa ni la maji, yanatikisika. Saba. Mwendo: unazunguka palepale. Nikipiga kasia kulia unageuka kushoto, nikipiga kushoto unanirudisha nilikotoka. Bi Asmaa, jirani yangu, akasema kwenye picha ya begi lile pezi halionekani, pengine linakaa upande wa chini, ndani ya maji. Nikamwambia picha imepigwa vibaya. Pezi nimelifunga juu, kwa mbele, na ni mahali pazuri mno pa kufungia kamba za mbuzi. Sita. Ugumu: nikikaa katikati unapinda, ncha zote mbili zinainuka na kunitazama. Nimeacha alama wazi kwa sasa.

Jioni Mohamedi akapiga. Habari za godoro zimeshavuka mto kabla yangu. Akasema kwa upole kwamba maji yana kasi, mtumbwi upo, nisione haya. Nikamwambia sioni haya. Nikakata simu. Mtu akikung'ang'aniza msaada kiasi hicho ana lake.

Jumamosi, 8 Februari.

Siku ya kuwafunza mbuzi. Nimeutandika ubao uani nikawapandisha juu na kuwapa pumba wauzoee. Mweusi ana akili, katulia. Wa kahawia kala pumba, kisha akaanza kutafuna mkanda wa kushikia. Nimempiga kofi dogo.

Kuhusu kwato, sikuzembea. Mpira na kwato haviendi pamoja, hilo nalijua. Nimechana kanga ya Tunu, ile ya zamani (ya zamani kiasi), nikawafunga mbuzi miguu yote minane. Wakawa wanatembea kama wanaokanyaga matope. Bi Asmaa alipita, akaangalia, akaendelea na safari yake bila salamu.

Tunu kapiga simu. Alianza kwa kusema, Baba Safina, nakuomba, njoo na mtumbwi wa watu, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu jina. Sikumwacha amalize. Nikamwambia jina tutaliongea mbuzi wakishafika. Nikazima simu kabisa.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sina mtoto mwingine. Safina peke yake. Siku nikifa, jina la Awadhi halina mtu wa kulibeba isipokuwa huyu mtoto wa siku sita ambaye sijamwona hata sura. Mohamedi ana watoto wanane. Angeniachia hili moja tu. Moyo unaniuma hata kuandika.

Jumapili, 9 Februari. Matambarale.

Naandika nikiwa nimevaa kanzu ya Mohamedi. Nitaeleza.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mtoni. Ng'ambo ya pili watu wamejaa, wanawake na makapu yao, vijana na simu zao wakipiga picha. Mohamedi kasimama kando ya mtumbwi wake, anatabasamu. Nikapandisha mbuzi, nikafunga kamba zao kwenye pezi, nikapiga magoti nyuma, nikasukuma.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tuliondoka na heshima zetu zote. Kisha ubao ukaanza kuzunguka. Nikaona Matambarale, nikaona Mtua, nikaona Matambarale tena. Mweusi alilala chini kama mzee wa baraza. Wa kahawia aliona majani ya ng'ambo kila tulipozunguka, na kila yakipita alikasirika zaidi. Nikagundua amekula kitambaa cha mguu mmoja. Ukwato wazi. Nikamwambia tulia. Akaruka.

Ubao ulitoa sauti ndefu, ssss. Halafu salfa ikatoka. Wingu zima la njano, juu ya mto, mwezi wa pili, watu wakadhani msimu wa kupulizia mikorosho umeanza mapema. Sikuona kitu. Nilipiga chafya, mbuzi wakapiga chafya, ubao ukajikunja ukatubana katikati, tukaingia majini sote watatu pamoja na tathmini yangu iliyokuwa mfukoni. Maji yakanifunika. Nikasema basi, mjukuu sijamwona.

Mkono ulionishika kola ulikuwa wa Mohamedi. Alikuwa ameshaingiza mtumbwi majini kabla hata sijafika katikati. Alitoa mbuzi kwanza, mmoja pembe mmoja mkia, kisha mimi, mwisho ubao. Alikuwa wa njano mpaka kwenye kope.

Tukafika. Wakamuuliza sheikh kama mbuzi wa njano anafaa kwa akika. Akawakagua masikio, macho, miguu, akasema rangi si kasoro, waoshwe. Mtoto akanyolewa nywele. Sheikh akainuka, akatangaza jina lake: Awadhi.

Nililia mbele za watu, ndani ya kanzu ya mtu mwingine. Nikamshika yule mtoto. Ana masikio yangu, maskini.

Baadaye Tunu akaniita pembeni. Akasema jina liliamuliwa Jumatatu ileile, mtoto hajatimiza saa tatu. Na aliyelitoa ni Mohamedi. Alisema yeye ana wajukuu wawili wenye jina lake, wanamtosha, lakini Safina ni mtoto wa pekee na jina la baba yake lisipotee. Wakakubaliana wanifiche nifurahi siku yenyewe. Mohamedi aliuliza habari za mbuzi ili ajue kama nahitaji msaada. Jana Tunu alitaka kuniambia ili nisijitose mtoni, nikazima simu.

Nikaketi. Nikaanza kueleza habari za ubao, Tunu akanikatiza. Kisha akauliza kanga yake iko wapi.

Jumatatu, 10 Februari. Mtua.

Nimerudishwa kwa mtumbwi alfajiri. Mohamedi kanivusha mwenyewe, kanzu kaniambia niwe nayo. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa dhati, tena nikamwomba msamaha, naye akasema yamekwisha. Alitabasamu, na leo kwa mara ya kwanza sikuchukia.

Lakini njiani nimeyapima mambo vizuri. Mohamedi alinivua majini, sawa. Jina alitoa, sawa. Mbuzi je? Walifika hai, wote wawili, siku ya saba, kwa jitihada za nani? Bila kile kitambaa kuliwa ningefika mkavu. Kosa lilikuwa la mbuzi mmoja, siyo la mpango.

Asubuhi fundi wa baiskeli kaziba tundu kwa viraka vitatu, nikapeleka ubao Nachingwea na tathmini mpya. Uwezo wa kubeba nimeupa nane. Serafina akafungua begi, akapiga chafya, akatazama mikono yake ya njano, akanisoma mimi na karatasi yangu. Akasema nibaki nao, na nisimletee tena kitu kingine chochote. Kwa hiyo sasa ni wangu. Sikutegemea bahati kama hiyo.

Tunu karudi jioni kwa mtumbwi. Anasema Safina akijaliwa wa pili, ni haki tuwaachie upande wa Mohamedi watoe jina. Haki gani? Nimemwacha aseme. Mimi nimeshapiga hesabu yangu. Wa pili anaweza kuwa wa kike, na kuna jina la marehemu mama yangu halijapata mtu. Wa kike mbuzi ni mmoja tu. Mbuzi mmoja, akikaa katikati, ubao huu unambeba bila wasiwasi wowote.