Mate Yenu Yako Katika Mikono Salama

Hotuba ya Mkurugenzi wa Idara ya Nasaba na Kumbukumbu za Familia, kwa wananchi waliotoa mate miezi minane iliyopita ili watafutiwe ndugu zao kwa kipimo cha DNA. Ilitolewa saa nne asubuhi katika ukumbi wa ghorofa ya pili. Yaliyosikika ukumbini yamewekwa kwenye mabano.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Nasaba, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Ndugu Katibu wa Kamati hiyo, ambaye yuko semina. Ndugu Kaimu Katibu, ambaye amekwenda kumpelekea Katibu miwani yake huko semina. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na ninyi mliokalia viti vya wasaidizi kwa sababu mmewahi kufika. Wazee wetu, akina mama, akina baba, mashemeji, mawifi, wakwe, ndugu wa damu, ndugu wa kunyonya ziwa moja, na ninyi ambao hamjajua bado nani ni nani kwa nani, na ndiyo maana mko hapa: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ninasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kipimo kuwaeleza hatua kubwa, pana na shirikishi ambazo Idara yangu imezipiga katika mchakato wa kumwezesha mwananchi anayeanza, yaani yule asiyejua lolote kuhusu vinasaba, kama mlivyo ninyi nyote na kama nilivyokuwa mimi kabla ya kuteuliwa, achague kipimo kinachofaa kutafuta asili ya familia yake. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakutuachia mwongozo wa utekelezaji. Mwongozo huo nimeuandaa mimi. (Makofi. Mtu mmoja alikohoa kwa muda mrefu.)

Ndugu wananchi, vipimo viko vitatu. Kuna kipimo kinachofuata mstari wa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kuna kinachofuata mstari wa mama. Na kuna cha tatu kinachosoma pande zote mbili kwa pamoja, ambacho watu fulani wa mitaani, watu wasiokuwa hata na muhuri, wanasema ndicho kinachomfaa anayeanza, kwa kuwa kinamwonyesha binamu, shangazi, mjomba na mama mdogo bila kubagua jinsia ya aliyetema. Idara haikukurupuka. Iliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikakaa warsha ya siku tisa mahali penye utulivu, ikarudi na pendekezo la kuunda kikosi kazi, na kikosi kazi, katika kikao chake cha arobaini na moja, kikagundua jambo ambalo wataalamu wa dunia nzima hawakuliona: kwamba Fomu Namba Saba ya Idara ina nafasi ya jina la baba, jina la babu, na jina la baba wa babu, na haina nafasi ya mama. Ndipo tukaamua kwa kauli moja kwamba kipimo kifuate fomu, si fomu ifuate kipimo. Tukachagua mstari wa baba kwa wananchi wote. (Minong'ono.)

(Hapa mwalimu mstaafu wa biolojia, aliyekaa safu ya tatu, alinyoosha mkono. Alipoona hatazamwi, alisimama. Alieleza kwa utaratibu, kama anayefundisha, kwamba kipimo cha mstari wa baba husoma kitu ambacho mwanamke hana mwilini, na kwamba kwa hesabu yake ya macho zaidi ya nusu ya watu ukumbini ni wanawake. Aliuliza kitasoma nini kwao.)

Namshukuru mwalimu wetu kwa mchango wake. Napenda kumhakikishia kwamba Idara yangu haina ubaguzi wa kijinsia, na kwamba akina mama wote mliopungukiwa na kitu hicho mtajaziwa nafasi yenu kwa barua ya utambulisho kutoka kwa baba mzazi. (Kicheko upande wa madirisha. Mama mmoja alimwambia jirani yake, "Ningekuwa na barua ya baba, shoga yangu, ningekuja hapa kufanya nini?")

Nimefurahi kuona mnacheka, maana nasaba ni furaha. Sasa twende kwenye takwimu. Asilimia mia moja ya waliotoa mate walitoa mate. Asilimia sabini na nne ya wananchi wana ndugu, na hao wengine tunaendelea kuwatafutia. Mimi binafsi nilikuwa wa kwanza kutema, tena nilitema kwa niaba ya menejimenti nzima, na wapiga picha ni mashahidi. Mmeuliza katika barua zenu kuhusu usiri wa taarifa zenu: nawahakikishia kwamba hadi leo hata sisi wenyewe hatujui lolote juu yenu. Mmeuliza hifadhidata yetu ina watu wangapi wa kulinganishwa nao, kwa kuwa mmesikia kwamba anayeanza achague penye watu wengi: hifadhidata yetu haina msongamano. Na mmeuliza kwa nini mliambiwa mwanze na wazee wenu, mkawaleta wengine wakiwa wamebebwa. Hilo ni agizo langu, na ni agizo la kisayansi. Mzee ndiye aliye karibu zaidi na chanzo, na mzee, tuseme ukweli, hana muda. Akiba haiozi. Mate ya mzee yakiwa kwetu, mzee mwenyewe anaweza kwenda zake kwa amani.

(Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, alisimama safu ya pili bila kunyoosha mkono. Alisema yeye alilelewa na watu waliomchukua wodi ya wazazi akiwa na siku tatu, na karatasi za wodi zilipotea. Miaka sita iliyopita bibi mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe alimtazama sana usoni, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kulia, kwa kuwa dada yake alifariki kwa uzazi katika wodi hiyo mwaka aliozaliwa fundi, na mtoto hakuonekana tena. Kuanzia siku hiyo bibi alikuja kila Jumatano. Walikuwa wakitaniana: bibi akimwita "mwanangu wa majaribio", naye akimwita "mama mdogo mpaka majibu yatoke". Waliposikia tangazo la Idara walikuja pamoja, wakatema siku moja, meza moja. Bibi hakuwa na mume wala mtoto. Alifariki mwezi wa sita wa kusubiri.)

("Mazikoni walitaka wafiwa wakae mbele," fundi alisema. "Mimi nilikaa nyuma, na majirani. Sikujua kwangu ni wapi. Mheshimiwa, sidai chochote. Nataka kujua tu kama yule alikuwa mama yangu mdogo. Mate yake yako kwenu.")

(Mwalimu mstaafu alisema kwamba kwa jambo hilo kipimo cha pande zote mbili kingetosha, na majibu yangetoka katika wiki chache, mradi mate ya marehemu yapo. Alirudia: mradi yapo.)

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umesema maneno mazito, na ninayapokea kwa uzito wake, na nimeagiza yaingizwe katika kumbukumbu chini ya kichwa "Mafanikio", kwa sababu mwananchi aliyefika mahali pa kuuliza swali zuri namna hiyo ni mwananchi aliyewezeshwa. Kuhusu uchaguzi wa kipimo, sina kiburi. Kiongozi mzuri husikia. Kwa mamlaka niliyopewa, hapa hapa, mbele yenu, ninabadilisha uamuzi wa kikosi kazi: kuanzia sasa wananchi wote mtapimwa kwa kipimo cha pande zote mbili, na jina la mama litaandikwa pembeni mwa Fomu Namba Saba kwa kalamu ya risasi. (Makofi makubwa. Watu wa nyuma walisimama. Fundi cherehani alikaa, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Mama wa karibu naye alimshika mkono.)

Asanteni. Asanteni, kaeni. Kwa furaha hii, tuseme kaulimbiu yetu kwa pamoja. Nikisema "Damu", mseme "Si maji". Damu. (Si maji.) Nikisema "Idara", mseme "Ni mama yetu". Idara. (Waliitika wachache.) Nikisema "Mate yetu", mseme "Mikono salama". Mate yetu. (Mikono salama. Fundi cherehani aliitika pia.)

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kingi. Ninawashukuru wataalamu wa maabara yetu, ambao tutawaajiri mara tu maabara itakapopatikana, na ninawashukuru wanaoandaa upembuzi yakinifu wa mahali pa kuitafutia hiyo maabara, kazi ambayo itaanza baada ya kuundwa kwa mradi wenyewe, ambao rasimu ya jina lake iko mezani kwangu na imefikia hatua nzuri. Ninamshukuru mchoraji wa bango hili la nyuma yangu, ambalo hadi sasa ndilo limekamilika kwa asilimia mia. Na shukrani za pekee ni kwa mhudumu wetu wa usafi, yule pale mlangoni, simama dada wakuone, ambaye Ijumaa iliyopita, baada ya kuagizwa na ofisi yangu kuandaa shughuli hii, alilikuta jokofu la Idara limejazana vichupa vya mate tangu miezi minane iliyopita, na kwa moyo wa kujituma akaviondoa vyote kabla ya saa sita, akaosha rafu, ndiyo maana soda mlizoshika leo ni za baridi. Kunyweni, ni zenu. Karani, hapo andika: makofi ya muda mrefu.

(Hakuna aliyepiga makofi. Fundi cherehani aliweka soda yake sakafuni bila kuinywa, akapita katikati ya viti hadi mlangoni. Alimwuliza mhudumu vichupa vilimwagwa wapi. Mhudumu alisema, "Kwenye sinki la jikoni, dada. Nisamehe. Mimi niliambiwa ni uchafu." Fundi alimwomba amwonyeshe hilo sinki. Walitoka wote wawili, na baada yao mwalimu mstaafu, na baada yake safu ya pili yote.)