Vazi la Jioni kwa Mama Christophe

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Matope mpaka mlangoni. Lukudu, mteja wetu mwenye kinu cha muhogo, ameingia hotelini kula akiwa na bukta ya mpira na sapatu, moja nyekundu, moja bluu. Nimemtazama kwa jicho lile ambalo kwenye meli lilimrudisha daktari wa meno chumbani kwake kubadili suruali. Lukudu hakurudi popote. Ameniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni.

Miaka sita nilikuwa mhudumu wa meza kwenye meli ya watalii. Mimi Kasimiro, mtoto wa kijiji cha Logiri, ambaye maji makubwa niliyoyajua yalikuwa Nile pale Pakwach. Koti jeupe, tai nyeusi ya kipepeo. Usiku wa nahodha wanaume wote suti, wanawake magauni ya kuburuta, na piano pembeni. Asiyevaa sawasawa haingii. Tulimpeleka juu akale mkate na soseji karibu na bwawa la kuogelea. Mpaka leo nikisikia vijiko vikigongana, moyo unanienda mbio. Nilikuwa mtu, jamani.

Sasa niko Koboko. Meza nne na benchi moja, hoteli ya Mama Christophe. Yeye ni mjane, mtu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Christophe mwanawe ni mtu mzima, yuko Bunia. Jina la mama mwenyewe ni Laetitia. Naliandika humu tu. Mdomoni halijawahi kutoka.

Leo, baada ya kuosha vyombo, akaniambia kaka yake Emile anamtaka arudi Ariwara mwisho wa mwezi. Sufuria zinapika popote, akasema. Ataondoka, asipopata sababu ya kubaki. Akanitazama kwa muda. Akauliza kama nimeelewa.

Nimeelewa. Anataka wateja.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeamka na mpango.

Kwenye meli kulikuwa na kula kwa namna mbili. Kwanza, zamu: meza yako ni yako, saa yako ni yako, mhudumu wako ni mimi, safari nzima. Kisha wakubwa wakaleta kula kwa uhuru: njoo saa unayotaka, kaa na unayemtaka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Leo unamhudumia mtu, kesho humwoni, hata jina lake hulijui.

Na hapa Koboko ni uhuru mtupu. Mtu anakula saa nne asubuhi. Rafiki yake anapita, anaitwa karibu, ananawa, anakaa. Anapita wa tatu, vilevile. Sahani moja ya enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na mikono ya watu wanne ndani, na wote wanne wanacheka. Ndivyo tulivyolelewa, najua. Mama yangu kule Logiri alipika akimhesabu na mgeni ambaye hajafika. Lakini hiyo si huduma.

Kwa hiyo: Jumamosi hii, jioni ya heshima. Zamu mbili. Kila mtu sahani yake. Mavazi mazuri, la sivyo huingii. Habari zitafika Arua, watu watafunga safari, na Laetitia hatakwenda Ariwara.

Nimemweleza akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Akasema nifanye ninavyoona. Yeye, akasema, angefurahi tu kumwona mtu akikaa chini kwa utulivu, ale naye. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, viti vitatosha.

Leo nimemkumbuka sana Mzee Ulrich wa meza ya tisa. Zamu ya kwanza, yeye na mkewe, kila mwaka meza ileile. Mwaka wa mwisho alikuja peke yake. Aliniomba niweke sahani mbili, nikaweka. Usiku mmoja alinishika mkono akanisimulia jinsi alivyomposa mkewe: zizini, buti za mpira miguuni, maziwa yamemwagikia magoti. Alisema angengoja kuvaa vizuri, jirani yake angemwahi. Alilia kidogo. Nililia na mimi, nikiwa nimeshika trei. Tai yake usiku ule ilikuwa ya hariri, rangi ya zabibu. Sijaona tai kama ile tena.

Jumatano, 7 Agosti

Laetitia ameniomba nimsindikize Dranya kununua muhogo. Nimekataa kwa adabu. Leo ilikuwa siku ya kwenda Arua kutafuta tai, maana ile ya meli imeliwa na panya. Akauliza tai inaliwa na mboga gani.

Arua, nimepekua mitumba mpaka mgongo ukauma. Nimepata! Nyeusi, ya kipepeo, ina mpira wa kuvuta shingoni. Muuzaji amekiri ilikuwa ya mtoto wa kubeba maua kanisani. Inanibana. Nikiivaa, sauti inatoka nyembamba. Lakini inang'aa.

Kurudi Koboko, nakuta Lukudu ndiye aliyempeleka Dranya kwa pikipiki yake. Walikwama kwenye tope, wakasukuma, wakaanguka wote na gunia juu yao. Wamefika wamepakaa tope mpaka nywele, na Laetitia anacheka mpaka anashika mbavu. Miaka miwili nipo naye, sijamwona akicheka hivyo. Iliniuma, sitaficha. Nimewaambia wapite mlango wa nyuma.

Alice, anayeuza simsim, ule ufuta wa kusaga, pale kibarazani kwetu, mkimbizi wa kutoka Yei, Sudan Kusini, ameisifu tai. Akauliza kama nimekula. Nimesema nitakula nikiivua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Asiya fundi cherehani, jirani yetu. Ukimwambia Asiya jambo, umeliambia soko zima. Nimemwambia: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, kwa Mama Christophe, wanaume makoti, wanawake kitenge. Akauliza rangi gani. Swali zuri sana. Kwenye meli tulikuwa na usiku wa bluu; chumba kizima kilionekana kama kimeshonwa na mtu mmoja. Nikasema bluu.

Asiya akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza kama Mama Christophe mwenyewe amekubali. Nikasema amekubali, tena kwa moyo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema jambo hili nimelibeba moyoni tangu nirudi kutoka baharini. Asiya akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

Sikujua mpango wangu ni mzuri kiasi hicho.

Ijumaa, 9 Agosti

Heshima imeanza hata kabla ya chakula. Watu wananisalimia kwa mikono miwili. Mzee mmoja ameniuliza ukoo wetu wa Logiri, na kama wazazi wangu wako hai. Mwuza nyama ameniongezea mafuta na kunipiga bega. Kwenye meli ilinichukua mwaka mzima kupigwa bega.

Lukudu amekuja kula. Leo hakucheka. Ameniuliza kama ni kweli, Jumamosi. Nimesema kweli kabisa. Akauliza kama yeye amefurahi, akielekeza kidevu jikoni. Nikasema anaimba tangu asubuhi. Akasema hongera. Akanawa, akaondoka, enyasa nusu sahani. Nadhani ameionea aibu bukta yake.

Na kweli Laetitia anaimba. Amesuka nywele upya. Nimemkumbusha kwamba jikoni nywele zifungwe kitambaa. Jioni akaja akakaa karibu nami kwenye benchi, nilipokuwa nakunja vitambaa vya meza. Namna ya bata maji, nilifundishwa na Mfilipino mmoja, mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Laetitia akauliza kama kuna neno ninalotaka kumwambia kabla ya kesho. Nikasema lipo. Vijiko havitoshi.

Akasimama, akachukua kitambaa kimoja, akakirudisha. Baadaye akasema ataazima kwa jirani.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika usiku wa manane.

Watu hawakuja. Mji ndio ulikuja. Bluu mlango mpaka barabarani. Akina mama wa kanisa, bluu. Wanaume na makoti, jasho likitiririka, bluu shingoni. Nilikaa mlangoni kukagua mavazi na sikumrudisha hata mmoja. Machozi yalinilenga. Kama piano ingekuwepo, ningesema niko baharini.

Nikamwuliza wa kwanza ni wa zamu gani. Akasema yeye ni wa upande wa majirani. Nikamweleza bei ya sahani. Akacheka, akaniambia tangu lini mgeni akalipa kwenye karamu, akanikabidhi kuku. Wa pili alileta mkeka. Wa tatu alishusha godoro kwenye bodaboda.

Halafu akaingia Emile kutoka Ariwara na wajomba wawili, suti nyeusi zote tatu. Asiya alikuwa amempelekea habari. Emile akasimama katikati ya chumba, akasema kwa upole kabisa, "Iko mutu gani hapa anatafuta dada yangu?"

Watu wote wa bluu wakanigeukia mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hakuna anayetangaza rangi ya nguo kwa ajili ya chakula. Rangi ya nguo ni harusi. Wiki nzima nilikuwa naalika watu kwenye harusi yangu.

Laetitia alisimama mlango wa jikoni, kitenge cha bluu, mwiko mkononi. Sikuona hasira. Alisema, "Kasimiro. Iko neno?" Akangoja. Chumba chote kikangoja naye.

Na lilikuwepo, Mungu shahidi yangu. Lilikuwa limefika hapa kwenye meno. Lakini nikajitazama. Aproni imelowa mchuzi. Mikono ya shati imekunjwa. Koti jeupe liko chumba cha nyuma juu ya msumari, halijapigwa pasi. Neno kama lile, mbele ya wakwe, bila koti? Hata mkate na soseji wasingenipa.

Nikamwomba angoje kidogo. Nikakimbia nyuma kuwasha pasi.

Makaa yalikuwa yamelowa. Nikapuliza. Nikapuliza tena. Alice alitoka kibarazani, akainama akanisaidia kupuliza, akaniuliza kwa nini siendi tu hivi nilivyo. Nikamwambia hajui taratibu. Pasi ikashika moto, koti likanyooka, tai ikakaa shingoni, nikatoka niking'aa mwili mzima.

Walikuwa wanakula.

Lukudu alikuwa amepita tu kurudisha benchi letu aliloazima asubuhi. Bukta, sapatu, vumbi la unga wa muhogo mpaka kwenye kope. Hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Alimkuta Emile anauliza kama dada yake amefanywa mchezo. Wanasema Lukudu aliweka benchi chini, akasema kama nafasi iko wazi, yeye anaomba kukaa, ameitaka siku nyingi. Laetitia alimtazama, akatazama mlango wa nyuma, akamtazama tena. Akamwambia anawe mikono.

Nilipofungua kinywa, tai ilitoa sauti ndogo ya panya. Hakuna aliyesikia kwa vigelegele. Wawili hao walikuwa wanakula sahani moja.

Vitambaa vya bata maji havikuguswa.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimelala kifudifudi mpaka saa sita. Naumia. Nimempenda yule mama miaka miwili na sasa namsikia akiimba jikoni wimbo uleule wa juzi.

Asiya amekuja kunipa pole. Amesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimemjibu kwamba chakula kilitoka kwa wakati.

Nimefikiria sana kosa liko wapi. Nimelipata: pasi ya makaa. Ingekuwa pasi ya umeme, saa hizi ningekuwa mume wa mtu.

Nimemkumbuka tena Mzee Ulrich na zile sahani mbili. Alikuwa anakula yake polepole, halafu anaisogeza ile nyingine mbele kidogo, anazungumza nayo. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya kiti bila kuondoa chochote, mpaka taa za chumba zinapunguzwa. Nataka kulia na sijui namlilia nani.

Alhamisi, 15 Agosti

Laetitia habaki peke yake na haondoki. Hoteli haifungwi. Emile amekubali, Lukudu atapeleka mbuzi Ariwara wiki ijayo, na harusi yenyewe ni Septemba, hapahapa.

Amenijia leo asubuhi. Amesema hana kinyongo, na angependa mimi ndiye nisimamie chakula cha siku hiyo, maana hakuna anayejali meza kama mimi. Nimekubali. Kisha akaomba jambo moja: Lukudu hana koti. Lile jeupe, akasema, lingemkaa.

Nimempa. Nimelipiga pasi mwenyewe, kola mara mbili. Nimemfundisha Lukudu kufunga vifungo. Amesimama wima kama askari, ananiita kaka, amenishika mkono asiachie. Nimeshindwa kumchukia. Ila sapatu nimemwambia hapana.

Mipango imeshaanza. Harusi itakuwa na zamu mbili. Watu wa Ariwara zamu ya kwanza, Koboko ya pili. Kila mtu sahani yake. Rangi nimechagua zabibu. Asiya ameshaambiwa.

Mchana, baada ya wateja kuondoka, Alice ameingia kutoka kibarazani. Ameweka sahani ya enyasa na simsim mezani, moja, akaleta jagi na beseni. Amenimwagia maji mikononi taratibu. Akasema amekuwa akiniuliza kila siku kama nimekula, na kwamba leo haulizi, anataka nikae.

Harufu ya simsim ilinikumbusha nyumbani Logiri. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kila siku, na mimi shati limetoka nje ya suruali.

Nimemwambia angoje kidogo. Koti liko kwa Lukudu mpaka Septemba.