Bunduki ya Gereji na Kifuniko cha Jamu

Jumatatu, 4 Novemba

Risasi kumi. Kadi ya shabaha imepata moja, tena pembeni, karibu na pini. Tisa zimeingia mlimani nyuma yake. Mlima haukulalamika.

Bunduki nimeiunda mwenyewe. Miezi minane gerejini, kipande kwa kipande, kila kimoja kimeletwa na posta. Inajipakia yenyewe, haijawahi kukwama, inang'aa. Kasoro yake ni moja tu: haipigi ninapoelekeza.

Mdomo uliniponza jana, kwa mama mkwe, sahani ya pierogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, ikiwa mbele yangu. Shemeji Denny, kaka wa mke wangu, alisema bunduki ya kuunda nyumbani ni sawa na meno ya bandia ya kuchonga nyumbani. Watu wakacheka, hata mama mkwe. Nikamwambia angoje Jumamosi, siku ya shindano la klabu yetu ya kulenga shabaha, nitapiga matundu matatu yafunikwe na kifuniko kimoja cha chupa ya jamu. Mke wangu Lorna akauliza kwa upole, na nisipoweza je? Nikasema nitafanya lolote atakalo.

Mwanamke huyu hasahau neno. Leo ameliandika kabisa na kulibandika kwenye friji: nisipoweza, benchi langu la kazi litoke gerejini, na gari lake liingie kabla ya theluji. Denny amesema benchi atalichukua yeye. Ana tangi la samaki linalohitaji mahali pa kukaa.

Benchi langu! Baba yangu alilitengeneza kwa mbao za mwaloni. Liwekewe samaki?

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua ugonjwa. Mtutu ukipata moto, unayumba. Nilisoma mahali, au niliota. Dawa yake ni baridi.

Nimechukua mfuko wa njegere kwenye friza, nikaufunga kwenye mtutu kwa soksi ndefu za Lorna. Risasi tatu za kwanza zilikwenda zilikokwenda. Ya nne ikatikisa kila kitu, mfuko ukapasuka, njegere zikatapakaa uwanja mzima. Mama Verna Fetterolf, mkuu wa uwanja, ana miaka sabini na minne na filimbi shingoni. Alipuliza filimbi, akasimamisha wapigaji wote. Akaniuliza kama nimekuja kulenga shabaha au kupika, maana kama ni kupika angeleta vitunguu.

Denny alikuwa kituo cha kupigia cha jirani. Alijifanya anakohoa. Alikohoa dakika tano.

Kadi: matundu mawili kati ya kumi. Hayafahamiani.

Ila Mungu ni mwema. Lorna aliona mfuko mtupu wa njegere kwenye pipa, akadhani nimeanza kula mboga. Amenibusu kwenye paji la uso. Sikumsahihisha.

Jumatano, 6 Novemba

Leo upelelezi. Nimelala kwenye gari, kofia usoni, nikamtazama Denny akifanya mazoezi. Siri yake nimeiona! Anaegemeza bunduki kwenye kifuko kizito kilichojazwa mchanga. Kumbe ni hivyo tu.

Denny alikuja akagonga kioo. Akasema shemeji, ukitaka kunichungulia shuka tu, nimeleta kahawa ya kutosha. Nilijibu kuwa nilikuwa nimesinzia. Akaniuliza kama huwa nasinzia macho wazi na daftari mkononi.

Nimerudi nyumbani. Sina mchanga. Ninazo mbegu za alizeti, zile anazowawekea Lorna ndege wa bustanini. Nikajaza soksi ile ile, nikarudi klabu mchana. Kifuko kilikaa vizuri ajabu. Basi kikavuja. Ndege wakaja. Baada ya ndege akaja kindi, mnene, hana haraka, akakaa mbele ya mstari wa kupigia akichambua mbegu moja moja.

Kanuni ya klabu ni kwamba kiumbe hai akiwa mbele ya mstari, hakuna anayegusa bunduki. Wanaume saba tumekaa kwenye viti, mikono magotini, tukisubiri kindi amalize chakula chake. Dakika ishirini na mbili. Mama Verna alinitazama dakika zote hizo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko filimbi.

Kadi: matundu matatu, yamekaa mbalimbali kama ndugu waliogombania urithi.

Redio inasema theluji Jumapili. Nimekaa kwenye benchi langu kidogo, nikalipapasa. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemeza kiburi, nikampelekea Mama Verna bunduki nyumbani kwake. Alikuwa anafunga nyama ndani ya majani ya kabichi. Akafuta mikono, akahakikisha haina risasi, akaiweka mezani kati ya sufuria. Akauliza nimebadilisha nini. Nikamsomea orodha: kitako mara mbili, triga mara tatu, mtutu nimeusugua kila jioni, na darubini ya kulengea naitoa kila siku ili niifute vizuri.

Akaigusa darubini kwa kidole kimoja. Ikacheza.

Akaniuliza, kijana, hizi skrubu nne zinazoishikilia ulizikaza lini? Nina miaka hamsini na mbili, lakini kwa Mama Verna wote ni vijana. Nikasema huwa nazikaza kwa vidole ili nisipate taabu ya kuzifungua. Alifumba macho. Nadhani alikuwa anaomba.

Amezikaza mwenyewe. Tumekwenda uwanjani, akanisimamia, nimepiga sita hadi darubini ikakaa sawa. Amesema bunduki ni nzuri, aliyeiunda ana mikono mizuri, sasa hiyo mikono aitie mfukoni mpaka Jumamosi. Nisiguse. Nisifute. Nisiifikirie hata.

Nimepumua. Siku nne sikuwa nimepumua hivi. Nimekula kabichi zake tano za nyama.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijaigusa.

Saa nne asubuhi: skrubu moja nadhani imelegea. Nitaangalia tu kwa macho.

Saa tano: bisibisi hazipo. Zote! Nimempigia Lorna kazini. Amesema ziko ndani ya mkoba wake, na mkoba uko mapajani mwake. Mama Verna alimpigia simu jana. Akaongeza kuwa sikio la kufa halisikii dawa, na yeye hataki kufiwa na sikio.

Nikamwambia lakini yeye ndiye anayetaka gari liingie gerejini, kwa nini ananisaidia? Akasema anataka gari liingie kwa haki. Akishinda kwa sababu mimi ni mjinga, hatapata raha.

Saa saba: nimejaribu kisu cha siagi. Kimepinda. Skrubu haikusogea hata kidogo. Nimekirudisha kisu chini kabisa ya droo, na kwa kweli nimeshukuru.

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike taratibu.

Klabu imejaa. Zawadi ni paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mimi kituo cha sita, Denny cha saba. Lorna nyuma ya kamba, kifuniko cha jamu mkononi. Mama Verna alitangaza kama kawaida: kila mtu ahesabu nguzo za kadi kuanzia mwanzo wa mstari, asome namba ya kadi yake, ndipo aweke jicho kwenye darubini. Mimi nilikuwa namtazama Denny. Alikuwa ananikonyeza. Nikaweka jicho, nikaona kadi, nikapiga tatu. Nilijua! Mwili wote ulijua.

Tukaenda kutazama. Kadi ya sita: nyeupe kama shati la Jumapili. Hakuna hata tundu moja.

Niliona samaki wa Denny wakiogelea juu ya mwaloni wa baba yangu.

Kisha Mama Verna akaita kutoka kadi ya saba. Matundu sita. Matatu makubwa, ya bunduki ya Denny, yametawanyika. Matatu madogo yamebanana katikati. Mwenye risasi nyembamba upande ule ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimepiga kadi ya shemeji.

Kanuni ya klabu ni ngumu: kadi ni ya mwenye jina. Mimi sifuri. Matundu matatu bora yaliyo kwenye kadi ya saba ni ya Denny, na ni bora kuliko ya wote, kwa hiyo paja la nguruwe ni lake. Lakini Mama Verna akamwambia kwamba ili alichukue lazima atie sahihi kuwa matundu yale yametoka kwenye bunduki ya meno ya bandia. Mbele ya watu.

Denny alilitazama paja. Akanitazama mimi. Akalitazama paja tena. Akatia sahihi.

Lorna alikwenda kwenye kadi ya saba, akaweka kifuniko. Kilifunika yote matatu, na nafasi ikabaki. Akasema mapatano yalitaja kifuniko, hayakutaja kadi ya nani. Benchi linabaki. Bunduki ni nzuri, akasema, tatizo ni mtu.

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivi. Jioni tumekula paja kwa Denny. Amenikatia kipande cha kwanza, akasema shemeji, kula, umekipiga mwenyewe. Lorna amenirudishia bisibisi zangu.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji hadi magotini. Gari la Lorna limefunikwa lote, nimemkwangulia vioo kabla hajaniomba. Kadi nimeiomba kwa Denny, nimeitundika juu ya benchi. Maisha ni matamu.

Ila nikiitazama karibu, tundu la tatu limejitenga na wenzake. Kwa unene wa ukucha hivi. Watu hawakuona, lakini mimi ninaliona. Bunduki yenye uwezo huo haistahili kuachwa na dosari.

Nimeifungua yote. Vipande vimejaa benchi zima, vinapendeza. Skrubu za darubini zilikuwa ngumu kweli, imebidi nizigonge.

Springi moja ndogo imeruka, ikaingia chini ya kabati. Nimetafuta kidogo tu. Sidhani kama ilikuwa na kazi.