Riwaya Tano za Likizo na Blanketi Lisilo na Mwenyewe

Ploti ya Mama Naeku, Mlango wa 6,
Nyuma ya machimbo ya mawe,
Kitengela.
Tarehe 2 Januari

Kwa Msimamizi,
Maktaba ya Mtaa (ile ya kontena ya kijani),
Kitengela.

Mheshimiwa Mwalimu Munguti,

KUH: KUONDOLEWA KWA ORODHA YAKO YA RIWAYA ZA LIKIZO, PAMOJA NA JINA LA BINTI YANGU

Natumaini u mzima wewe na nyumba yako, na kwamba Krismasi mliila vizuri huko Machakos. Sisi tuko wazima wa mwili. Amani ndiyo hatuna, na sababu ni wewe.

Mimi ni Wilkister Wanjala, mama yake Whitney. Whitney najua unamjua, maana nani hamjui? Ni yule wa Gredi ya Tisa aliyekuwa wa kwanza kwa insha muhula uliopita, akampita hata mtoto wa mwalimu. Huyo mtoto anasoma akisonga ugali, mwiko mkono huu na kitabu mkono ule, na ugali hautoki na madonge. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nane, lakini kichwa kama hicho hakiokotwi barabarani, kiko na mahali kilitoka. Naacha hapo, kwa sababu sikuandika ili nijisifu.

Shule zilipofungwa, Whitney alileta riwaya tano kutoka kwako na karatasi moja. Karatasi ilisema hivi: likizo ni ndefu, nyumba nzima isome. Namba moja ni ya mapenzi, inafaa wanandoa ambao mazungumzo yao yamebaki ya gesi na unga. Namba mbili ni ya upelelezi, inafaa mtu anayependa kujua mambo. Namba tatu ni ya kutisha, inafaa kijana mwenye moyo mgumu. Namba nne ni ya vichekesho, inafaa mtu aliyechoka. Namba tano ni ya historia, inafaa anayependa mambo ya zamani. Majina ya vitabu hukuandika. Ulisema kila jalada liko na stika ya namba, inatosha.

Halafu chini ukaahidi kwamba nyumba ambayo watu wake watano watamaliza riwaya hizo na kutia sahihi kwenye kadi kabla ya shule kufunguliwa, mtoto wa nyumba hiyo ndiye atachagua riwaya za likizo ya Aprili kwa mtaa mzima, na jina lake litapakwa rangi kwenye mlango wa kontena. Whitney aliisoma hiyo ahadi mara tatu akiwa amesimama, begi bado liko mgongoni. Ulisema anaweza kuhesabu hata majirani kama nyumba haitoshi, na yetu haikutosha.

Nilizipokea riwaya zako kwa heshima. Kwangu kitabu cha watu hakishikwi hivi hivi. Muulize mwalimu yeyote aliyemfundisha Whitney tangu nasari: nani hufunika vitabu kama Mama Whitney? Nilinunua karatasi ya kaki, nikaanza na kitabu kinene kwa sababu ndicho hula karatasi nyingi, nikashuka mpaka kile chembamba, kona zikakaa kama shuka za hospitali. Kaki ilifunika stika zako, lakini mimi si mjinga. Niliandika namba upya kwa kalamu nene, moja mpaka tano, mwandiko wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Majina ya ndani hayakunisaidia, maana jina la riwaya ya siku hizi haliwezi kukuambia kama utalia au utacheka. Basi nikagawa vile karatasi yako ilisema. Yaliyofuata ni haya.

1. Ya mapenzi nilimpa Baba Whitney. Wanjala ni karani wa kuhesabu malori pale machimboni, mtu mzuri sana, ila nyumbani anaongea kama redio ambayo betri inaisha. Siku ya nne akiwa na kitabu, alinitazama juu ya chai akauliza, "Jana saa nane mchana ulikuwa wapi?" Miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kuniuliza hivyo. Nikasema nilikuwa kwaya kanisani. "Na nani? Alikaa upande gani?" Akainua kiatu changu, akatazama soli, akasema kanisa liko upande wa udongo mweusi na hii ni vumbi ya mawe. Ni kweli nilipitia kwa Mama Mbithi kunywa chai, lakini hiyo ni kesi? Siku ya Krismasi paja la kuku likapotea. Alitukusanya sote sebuleni, akatembea mikono nyuma, akaeleza sababu ya kila mmoja wetu kulitaka hilo paja, mmoja baada ya mwingine, mpaka wageni wakaanza kutoa jasho. Mwisho akasimama, akatazama chini, akakiri kwamba ni yeye alilila. Mwalimu, hayo ndiyo mapenzi mnatufundisha?

2. Ya upelelezi ilienda kwa Nthambi, yaani huyo Mama Mbithi wa mlango wa saba. Huyu dada anajua ni nani amenunua gesi na nani amekopa jirani, kwa hivyo nilijua itamfaa. Alisoma akingoja askari aingie. "Mama Whitney," akaniambia, "nimefika ukurasa wa themanini. Waliokufa wamerudi wote, na hakuna hata mtu mmoja ameenda kuandikisha taarifa!" Sasa baruti ya machimbo ikilipuka saa sita mchana, yeye anasema ni watu wanabisha kutoka chini. Amemwaga mstari wa chumvi mlangoni. Mazoezi ya kwaya ya jioni ambayo yalikuwa kwake yamehamia kwangu, watu ishirini na wawili, na sauti ya tatu wamenivunjia stuli. Jua likianza kushuka amejifungia, pazia chini, haulizi jambo la mtu. Je, habari za ploti mimi nitazipata wapi?

3. Ya kutisha nilimpa Lorine, dada mdogo wa Wanjala anayekaa na sisi. Anatoka kazini kwenye duka la simu saa kumi na moja na anafika saa moja, na njia yenyewe ni ya dakika kumi. Kati ya duka na nyumba kuna jiwe, na juu ya hilo jiwe hukaa Odero wa boda boda. Nilitaka aogope giza kidogo, basi. Na nikafikiri dawa imeingia! Alikuwa anasoma akijishika kifua. "Mulamwa," akaniambia, ndivyo sisi Wabukusu humwita shemeji, "hiki kitabu kinanifanya nitetemeke." Chakula hakimalizi, simu ikilia anaruka. Nikamshukuru Mungu, nikakushukuru na wewe. Kumbe! Sasa anatoka hata Jumapili, amepaka mafuta mpaka viwiko, ananukia kama duka la vipodozi. Nikamuuliza kama haogopi mizimu. Akauliza, "Mizimu gani?" Na Odero ambaye zamani alinipita kama nguzo ya stima, siku hizi anavua helmeti kunisalimia.

4. Ya vichekesho nilichukua mimi, kwa sababu kama kuna mtu amechoka katika ploti hii ni mimi. Hapa, Mwalimu, nakuomba ukae chini. Nilisoma kurasa tatu, nikaona ni vizuri nicheke na wenzangu, nikakibeba kwa kikundi cha akina mama. Tulikuwa kumi na wawili. Nikawatangazia nimeleta kitabu cha kuvunja mbavu. Nikasoma. Kulikuwa na mwaka wa ukame, na baba na mama na watoto sita wakitembea na ng'ombe kutafuta maji. Ng'ombe mmoja akaanguka. Hakuna aliyecheka, nikasema subirini, bado inakuja. Ng'ombe wa pili akaanguka. Nikasema hawa waandishi wazuri hawana haraka. Tukakutana siku tatu, nikisoma. Kufika ukurasa wa tisini, yule mama anampa mtoto mdogo maziwa ya mwisho na kujifanya yeye ameshiba, Munyiva mwenyekiti wetu akanisimamisha ili tuombe. Baada ya amina akauliza, "Hawa watu wako upande gani sasa?" Nikafungua mdomo kueleza, lakini nani alinisikiza? Jioni hiyo wakaleta gorogoro nane za unga, mafuta ya kupikia, na blanketi zito la rangi ya maziwa. Vyote viko sebuleni kwangu mpaka leo. Mimi bado nangoja mahali pa kucheka, na kaki ya hicho kitabu imejikunja kwa machozi.

5. Ya historia ilichukuliwa na Mama Naeku mwenye ploti, kwa sababu anakumbuka nyumbu wakipita hapa tulipojengewa choo. Amesoma habari za chifu mmoja aliyevaa makoti saba siku ya kumpokea mkoloni ili aonekane amenona, akazimia kwa joto, na alipoamka akakuta ameozwa dada wawili wa mkalimani. Mama Naeku ameyashika yote kama yalivyo. Asubuhi ukienda bombani, anakusalimu "Takwenya" kwa adabu ya Kimaasai, unaitika "Iko," halafu kabla hujachota maji anakuuliza koti la tano lilikuwa la rangi gani. Ukicheka anakasirika: "Mnacheka viongozi wenu waliopigania hii nchi!" Wiki jana amepaka geti rangi. Tunaishi sasa katika Ploti ya Chifu Makoti Saba, na barua za benki za Baba Whitney zitatufuata hapo.

Kila nilipomweleza Whitney haya, alikimbilia jikoni kukohoa. Nafikiri ni vumbi la machimbo.

Kwa sababu hizo tano, naomba yafuatayo. Orodha yako ambayo pia umeibandika kwenye mlango wa kontena itolewe. Riwaya zifungiwe kabatini kama dawa ya panya pale kwa duka la kilimo, na mtu asipewe bila barua ya daktari inayosema moyo wake unaweza kubeba aina gani. Uje mwenyewe uchukue unga na blanketi uwapelekee hao watu wa ukurasa wa tisini, kwa kuwa wewe ndiye uliyetujulisha kwao. Usipokuja, nitapanda mpaka Kajiado mjini nizungumze na wakubwa wako. Na mwisho, ingawa sahihi zote tano zimepatikana, jina la Whitney liondolewe kwenye mashindano. Mtoto mwenye akili kama hiyo hawezi kuchagulia mtaa vitu vinavyogeuza watu hivi. Najua atalia. Nimeshamwambia.

Kitu kimoja tu aliniomba: "Mama, toa makaratasi ya kaki kwanza ndio upeleke barua." Nikamwambia malalamiko hayangoji usafi. Lakini kitabu cha watu kinarudi vile kilikuja, kwa hivyo nitayatoa nikimaliza kutia sahihi.

Nisalimie mke wako na mama yule mzee anayefagia kontena. Munyiva na kikundi wanakusalimu, wanauliza kama hao watoto sita walipata shule. Dada yangu wa Illasit anakusalimu pia, hakujui lakini nimemweleza kwa simu. Baba Whitney anakusalimu, na anauliza tarehe 20 Desemba ulikuwa wapi.

Mimi ninayekulalamikia bila chuki,
Wilkister Wanjala (Mama Whitney)

N.B. Tarehe 4 Januari. Mwalimu, nimetoa makaratasi.

Stika yako ya mbili iko chini ya namba moja yangu. Ya tatu iko chini ya mbili, ya moja iko chini ya tatu, na hizo zingine mbili zimebadilishana nyumba. Mimi nilifunika zako bila kuzitazama, nikaandika namba zangu kuanzia kinene kwenda chembamba. Nimekaa hapa kwa stuli iliyovunjika nikipiga hesabu. Kwenye kadi Baba Whitney ameandika, "Mapenzi yake ni mazuri, ila muuaji nilimjua tangu ukurasa wa kumi." Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Whitney alijua. Alijua tangu siku ile baba yake aliinua kiatu changu. Nikamuuliza mbona hukusema? Akasema, "Mama, Baba hajawahi kumaliza hata gazeti. Kama ningesema mmekosea, mngeviweka chini." Sasa mtoto kama huyo utamfanya nini?

Tena nikafikiri. Wanjala bado ananiuliza kila jioni nilikuwa wapi, na nani, na walisema nini, na anangoja nijibu mpaka mwisho. Chai inapoa tukiongea. Odero ametuma ujumbe, wazee wake wanakuja Jumamosi. Munguti, hao watu wa ukurasa wa tisini ni wa zamani, nimeelewa, lakini Mama Naeku ametuonyesha boma moja upande wa Kajiado ambalo ng'ombe wake waliisha mwaka jana tu. Blanketi limeondoka asubuhi hii, pamoja na unga.

Kwa hivyo ile barua ya juu isome kama historia, yaani ile ya Mama Naeku. Orodha ibaki mlangoni. Kadi hii hapa, na sahihi tano. Jina ni Whitney Nekesa Wanjala, herufi kubwa, tafadhali, zionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Hata huyo fundi atakayepaka mlango rangi anaweza kuniita nimsaidie mwandiko.

Za Aprili akishachagua, usijisumbue na stika. Nimeshanunua kaki.