Alama Moja ya Maporomoko

Kwako Msahihishaji Mkuu wa Historia,

Shikamoo. Mimi ndiye mwanafunzi uliyemkosesha swali la saba, "Nani aliyagundua maporomoko?" Niliandika: babu yake bibi yangu. Mwalimu wetu alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, ukweli uandike kwenye barua. Kwenye mtihani andika jibu." Nimemtii, ndiyo maana umepata barua hii. Sababu zangu ni hizi:

1. Picha ya ukurasa wa arobaini wa kitabu chetu cha Historia inamwonyesha mpelelezi wa Kizungu, ambaye ndiye jibu lenu, amebebwa mgongoni. Aliyembeba ndiye babu yake bibi, ingawa maandishi ya chini yanamtaja wa juu tu. Nimepima kwa rula. Pua ya babu imetangulia kwa milimita sita.

2. Kitabu hichohicho kinasema mpelelezi alikuwa na homa, hakufumbua macho siku tatu. Basi yupo mtu aliyemwambia, "Bwana, tumefika."

3. Kama mgunduzi ni yule anayebebwa, mdogo wangu wa miezi minane, abebwaye na mama, amekwisha kugundua zahanati, soko na ofisi ya mkuu wa shule. Maporomoko yalipewa jina la mama yake mpelelezi. Naomba zahanati ipewe jina la mama yangu. Muuguzi bado hajaambiwa.

4. Ukoo wetu nao uligunduliwa asubuhi hiyohiyo, ukiwa jikoni. Tulikuwa wapi kabla ya hapo, kitabu hakisemi. Kufikia mchana tulihamishiwa ng'ambo ya mto, kwa kuwa tulikuwa tunamzibia mgunduzi mandhari.

Kuingia sekondari kunataka alama hamsini, nami nina arobaini na tisa. Mama ameshanishonea sketi ya huko, ameiachia pindo nene ili inifae miaka minne. Naomba alama moja tu. Maporomoko mnaweza kubaki nayo.

Wasalimie wasahihishaji wenzako wote, na wa Hisabati pia, ambao sina neno nao.

Mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Mtahiniwa wa dawati la mwisho, karibu na dirisha.

N.B. Nimemsomea bibi barua hii kabla ya kuifunga. Amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema babu yake hakuona kitu, maana mzigo ulikuwa mzito naye alitazama miguu yake tu. Walipofika walikuta wanawake wanafua, nao wanawake wakawaambia wasogee, wanawachafulia maji. Kwa hiyo nami nilikosa, na alama siidai tena. Nitarudia mtihani mwakani. Tafadhali swali hilo msiliondoe.